Ulimi ulioshikwa: titi litazamwe kabla ya mkasi

Katika kliniki ya mama na mtoto ninakofanya kazi ya ukunga hapa Tanga, hakuna jambo la kinywa cha mtoto mchanga linaloulizwa kwa hofu kubwa kuliko uzi ulio chini ya ulimi. Mama huja na mtoto wa wiki moja au mbili, humfungua kinywa mbele yangu kabla hata hajaketi, na kuniambia kwamba jirani au mama mkwe ameona ulimi wa mtoto umefungwa, na kwamba usipokatwa mapema mtoto hatanyonya wala hatasema. Wengine huja wakiwa wamekwisha kuelekezwa mahali pa kukatiwa. Nimeona niandike kwa urefu juu ya jambo hili, kwa sababu majibu ya mkato yanawaumiza akina mama kwa pande zote mbili: yuko anayeambiwa kwamba si kitu, avumilie tu, hadi maziwa yanapungua na kukauka, na yuko anayekatiwa mtoto wake ilhali shida ilikuwa namna anavyompakata.

Kila mtoto huzaliwa na uzi huo. Wakati anaumbika tumboni, ulimi wake huwa umeshikamana na sakafu ya kinywa, kisha huachana nayo taratibu, na kinachobaki ni kikunjo chembamba katikati. Kwa baadhi ya watoto kikunjo hicho hubaki kifupi, au kinene, au kimejishika karibu mno na ncha, na hapo ndipo tunaposema kwamba ulimi umeshikwa. Makadirio hutofautiana kwa kuwa vipimo vyenyewe vinatofautiana, lakini tafiti nyingi zinataja watoto kati ya 4 na 10 katika kila 100, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana. Mwaka 2019 watafiti wa Auckland, New Zealand, wakiongozwa na daktari Nikki Mills, walichapisha uchunguzi wa kina wa maumbile ya eneo hilo, wakaonyesha kwamba kile tulichofundishwa kukiita uzi ni mkunjo wa utando mpana unaotanda sakafu yote ya kinywa, na kwamba matawi ya neva ya ulimi hupita karibu sana na uso wake wa chini. Ongeza hapo vijia vya mate ambavyo hufunguka palepale, pande mbili za kikunjo. Anayepeleka mkasi ndani zaidi kuliko inavyohitajika hakati uzi mtupu.

Kuwa na kikunjo kinachoonekana si ugonjwa, na kati ya watoto ambao ulimi wao umeshikwa kweli, wengi hunyonya vizuri, hunenepa, na mama zao hawapati jeraha lolote. Swali la kuuliza ni ulimi huo unaweza kufanya nini.

Mtoto anayenyonya vizuri hashiki chuchu peke yake. Hufungua kinywa wazi, hutoa ulimi mbele upite juu ya fizi ya chini, hulikumbatia titi pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka chuchu, na chuchu yenyewe hufika nyuma, karibu na kaakaa laini. Kisha ulimi hushuka, mvuto hutokea ndani ya kinywa kilichofungika vizuri, na maziwa hutiririka. Donna Geddes na wenzake wa Australia Magharibi walilionyesha jambo hili kwa picha za ultrasaundi mwaka 2008, walipowachunguza watoto 24 wenye ulimi ulioshikwa na matatizo ya kunyonya, kabla na baada ya kukatwa. Kabla ya kukatwa, baadhi yao walikuwa wakiiminya ncha ya chuchu na wengine wakiibana shina lake. Baada ya kukatwa, kubana kulipungua na maziwa yaliyotoka yaliongezeka. Ulimi usioweza kutoka wala kuinuka huiacha fizi ifanye kazi isiyo yake, na fizi ya mtoto mchanga ni ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Kwa hiyo mama anapokuja, siangalii kinywa kwanza. Namwomba akae anavyokaa nyumbani, amweke mtoto titini bila mimi kumsaidia, nami nakaa pembeni na kutazama tangu mwanzo hadi mtoto anapoachia mwenyewe. Natazama kama kidevu kimegusa titi, kama mdomo wa chini umekunjuka nje, kama mashavu yanabonyea kila anapovuta. Nasikiliza kumeza, na nasikiliza ule mlio wa ulimi kuachia na kushika tena, kama wa mtu anayesikitika kwa kuchapa ulimi, ambao humaanisha kwamba mvuto unavunjika. Natazama maziwa yanayochuruzika pembeni mwa kinywa. Lakini kinachonifundisha zaidi ni chuchu yenyewe pale inapotoka. Chuchu iliyonyonywa vizuri hutoka ikiwa ndefu kidogo na mviringo kama ilivyoingia. Iliyobanwa hutoka imelala upande mmoja, ina mstari mweupe kwenye ncha, na baada ya muda mfupi mstari huo hugeuka mwekundu au zambarau huku mama akikunja vidole vya miguu kwa maumivu. Mama aliyevumilia hali hiyo kwa wiki nzima hahitaji kuambiwa kwamba kunyonyesha huuma mwanzoni. Kuna wororo wa siku za mwanzo, unaopungua kila siku, na kuna maumivu ya jeraha; hayo mawili yasichanganywe.

Baada ya hapo ndipo naosha mikono, navaa glavu na kuuinua ulimi. Kipimo cha Bristol, kilichochapishwa Uingereza mwaka 2015, kinatosha sana kwa kliniki zetu kwa kuwa hakihitaji chombo chochote: unaangalia ncha ya ulimi ina umbo gani, kikunjo kimejishika wapi kwenye fizi ya chini, ulimi unainuka kiasi gani kinywa kikiwa wazi, na unatoka mbele hadi wapi. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, jumla yake ni 8, na mtoto mwenye alama 3 au chini ya hapo ulimi wake umezuiliwa sana. Alama hizo husaidia wahudumu wawili kuelewana juu ya mtoto mmoja. Haziamui peke yake kwamba mtoto akatwe.

Kisha kuna mizani. Mtoto hupoteza uzito siku za mwanzo, kiasi cha asilimia 7 na wakati mwingine hadi 10, na anatakiwa awe ameurudia uzito wake wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Toka hapo huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku. Akinyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na kuanzia siku ya 5 au ya 6 akilowesha nepi zisizopungua 6, maziwa yanaingia.

Mara nyingi sana shida huishia hapohapo kitini. Mama anaelekezwa kumgeuza mtoto tumbo kwa tumbo, pua ielekee chuchu, asubiri kinywa kifunguke wazi kabisa kabla ya kumsogeza, na amlete mtoto kwenye titi badala ya yeye kuinama kulipeleka titi kwa mtoto. Nimewaona akina mama waliokuja kuomba barua ya kwenda kukatiwa wakinyanyua nyuso kwa mshangao kwa sababu maumivu yamekwisha. Watoto hao walikuwa na kikunjo kinachoonekana, na wanacho hadi leo.

Wapo ambao mkao hauwatoshi. Binti wa dada yangu alijifungua mtoto wa kiume, mzaliwa wake wa kwanza, na alipofika kwangu mtoto alikuwa katika wiki ya tatu na bado hajaurudia uzito wa kuzaliwa. Chuchu zake zote mbili zilikuwa zimepasuka. “Mama mdogo,” aliniambia, “nikisikia anaanza kulia natetemeka kabla sijamshika.” Mama mkwe wake, mwanamke mwema aliyemwogesha mtoto na kumkanda mzazi tangu siku ya kwanza, alikuwa ameanza kumpa mtoto maji ya sukari kwa kijiko, kwa kuwa aliona mtoto ananyonya saa nzima na bado anatafuta. Sikumlaumu, maana aliona njaa na akafanya alilolijua. Nilimwambia, “Bibi, njaa umeiona sawasawa, ila maji ya sukari yatamjaza tumbo asinyonye,” akaacha siku ileile.

Mtoto alipolia, ulimi wake haukuinuka; kingo zake zilipanda na katikati ikabaki chini, na ncha ikavutwa ndani ikawa na umbo la kopa. Tulirekebisha mkao. Upande wa kushoto ulipata nafuu, lakini mlio wa kuachia uliendelea, na kila tulipompima uzito ulipanda kwa kusuasua. Wakati huohuo alikamua kwa mkono baada ya kila mnyonyesho na kumpa mtoto maziwa hayo kwa kikombe kidogo, ili mtoto ashibe na maziwa yasipungue. Hatua hii wengi huiruka. Ukingojea kumwona daktari bila kukamua, unaweza kufika kwa daktari ukiwa na mtoto anayeweza kunyonya na titi ambalo halina cha kumpa.

Daktari wa masikio, pua na koo aliyemwona aliuliza kwanza kama kuna mtu katika ukoo anayetokwa damu isiyokatika, na kama mtoto alipata sindano ya vitamini K, ambayo husaidia damu kuganda. Kisha mtoto alifungwa ndani ya khanga mikono ikiwa ndani, muuguzi akamshika kichwa, daktari akauinua ulimi kwa vidole viwili, akakikata kikunjo kwa mkasi mdogo wenye ncha butu na kukandamiza kwa kitambaa safi. Kwa mtoto wa umri huo hakuna haja ya kulazwa usingizi. Damu ilikuwa matone machache, na dakika hiyohiyo mtoto aliwekwa titini, kwa sababu kunyonya hutuliza kilio na husaidia damu kukata. Siku zilizofuata palitokea doa jeupe chini ya ulimi, ambalo humtisha kila bibi na kumfanya adhani ni usaha au utando wa fangasi; ni kidonda kinachopona, na huondoka chenyewe katika wiki moja au mbili.

Maumivu ya mama yalipungua siku ile. Kunyonya kwenyewe kulichukua muda zaidi, maana mtoto alikuwa amezoea kubana, na ilibidi ajifunze upya kutumia ulimi ambao sasa una nafasi, huku mama akiendelea kukamua na kuja kwenye mizani. Nayaeleza haya kwa sababu akina mama huambiwa kwamba ukikata, mambo yamekwisha, na wanapoona mtoto hajabadilika kesho yake hukata tamaa kabisa.

Ushahidi wa kitaalamu unakubaliana na uangalifu huu. Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliruhusu tiba hii mwaka 2005, ikisema kwamba haioni hatari kubwa ya usalama na kwamba ushahidi mdogo uliopo unaonyesha inaweza kusaidia unyonyeshaji. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 5 yenye watoto 302, yakakuta kwamba kukata kunapunguza maumivu ya chuchu za mama kwa muda mfupi, lakini hayakupata faida iliyo wazi na ya kudumu katika kunyonya kwa mtoto. Jaribio jingine la Uingereza liitwalo FROSTTIE, lililochapishwa mwaka 2023, lilikusudia kuwapata watoto 870 na likasimamishwa likiwa na 169 tu; wengi wa waliopangiwa wasikatwe waliishia kukatwa, hivyo halikuweza kutoa jibu. Mzazi anayemwona mtoto wake hanenepi hakubali kungoja ili mtafiti apate kulinganisha, na mimi siwezi kumlaumu.

Hata hivyo, huko kwenye nchi tajiri jambo hili limekuwa kama wimbi. Nchini Marekani, watoto waliolazwa hospitalini na kuandikiwa kwamba ulimi wao umeshikwa walikadiriwa kuwa 3,934 mwaka 1997, na mwaka 2012 walifika 32,837. Maumbile ya watoto hayabadiliki kiasi hicho kwa miaka 15. Kilichobadilika ni macho ya wanaotazama, na pia biashara. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa taarifa mwaka 2024 kikisisitiza msaada wa kunyonyesha utangulie, na kwamba kukata vikunjo vya mdomo wa juu na vya mashavu ili kusaidia kunyonya hakuna ushahidi unaokuunga mkono. Mionzi ya leza, inayotangazwa kwa bei kubwa, haijaonekana kuwa bora kuliko mkasi. Mazoezi ya kuusugua au kuutanua mkato mara kadhaa kwa siku nayo hayana msingi wa kutosha, na humfanya mtoto aogope kila kidole kinachokaribia kinywa chake. Brazil ilienda mbali zaidi na mwaka 2014 ikatunga sheria ya kumchunguza kila mtoto uzi wa ulimi katika hospitali za uzazi. Kwa maoni yangu, uchunguzi wa kinywa usioambatana na kumtazama mtoto akinyonya utazaa mikasi mingi kuliko misaada.

Kwetu hatari inatoka upande mwingine. Eneo letu lina desturi ya zamani ya kutafuta ugonjwa wa mtoto ndani ya kinywa chake. Watoto wa Tanzania wamekatwa vimio, kile kinyama kinachoning’inia nyuma ya kinywa, kwa kuwa wanakohoa au hawaongezeki uzito, na tangu miaka ya 1980 wengine wameng’olewa vichipukizi vya meno, yale yanayoitwa meno ya plastiki, kwa kuwa wana homa na kuharisha. Uganda nako desturi hiyo inajulikana kwa jina la ebiino. Uzi wa ulimi umeingia katika safu hiyohiyo. Mkasi wa hospitali na wembe wa nyumbani ni vitu viwili tofauti kabisa, na mama anayesikia wote wawili wakiitwa kukata uzi hapaswi kudhani kwamba tofauti ni gharama. Wembe usiochemshwa huleta usaha na pepopunda. Mkono usiojua maumbile hukata vijia vya mate au mshipa wa damu. Na mtoto mchanga ana damu kidogo mno mwilini, kiasi kwamba kinachoonekana kama kitambaa kimoja kilicholowa kinaweza kuwa sehemu kubwa ya damu yake. Isitoshe, mtoto anayepelekwa kukatwa kwa sababu hanyonyi huenda hanyonyi kwa kuwa ana maambukizi, ana manjano kali, au ana tatizo la moyo, na saa zinazopotea kwa mkataji ndizo ambazo angeokolewa. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri kisha akaacha ghafla hana tatizo la uzi. Huyo apelekwe hospitalini usiku huohuo.

Juu ya kusema, nawatuliza akina mama. Uzi wa ulimi haumcheleweshi mtoto kuanza kuzungumza, na watoto wengi wenye ulimi ulioshikwa hutamka vizuri wanapokua. Mtoto mchanga asikatwe kwa hofu ya kithembe ambacho hakuna awezaye kukitabiri. Mtoto asiyesema afikishapo miaka miwili apimwe kwanza masikio.

Kuna kundi la akina mama ambao kwao jambo hili lina uzito wa pekee, nao ni wale wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Tunawashauri wanyonyeshe, wakitumia dawa zao bila kukosa na mtoto akipewa dawa yake ya kinga, na wengi wanalea watoto wasio na maambukizi. Lakini chuchu iliyopasuka na kutoka damu, titi lenye usaha, au kidonda kinywani mwa mtoto huongeza hatari. Mama huyu asikae na maumivu hata siku moja akidhani ni ya kawaida. Titi lenye jeraha lipumzishwe kwa kukamuliwa na maziwa yake yasitumike hadi lipone, anyonyeshe titi lisilo na jeraha, na kama kuna mazungumzo ya kukata uzi, daktari aambiwe mapema, kwa sababu mkato wenyewe ni kidonda kinywani.

Mwongozo wetu unamtaka mama aliyejifungua aonwe ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Kati ya saa 48 na siku ya 7 ndipo maziwa yanaposhuka, chuchu zinapopasuka, na kopo la maziwa linaponunuliwa. Ninawaomba wakunga wenzangu kwamba mahudhurio ya siku ya 7 yasiishie kwenye mizani na chanjo. Mama aketi, mtoto anyonye mbele yetu hadi aachie, chuchu itazamwe, ulimi uinuliwe, na yote mawili yaandikwe kwenye kadi ili mwenzetu wa wiki ya nne asianze upya. Na mama ambaye chuchu zake zinatoka damu siku ya 3 asingoje ya 7. Aje siku hiyohiyo, na ikiwezekana aje kabla mtoto hajanyonya, ili tumwone akiwa na njaa.